Hebu Kula Uone

Kambi ya mateka, Burma

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe, maana nikiwa huku siwezi kuisikia. Mguu umepona? Na hapo Ipuli mvua zimenyesha za kutosha? Mimi mwili mzima. Moyo ndio uko kifungoni.

Vita vimekwisha, mayu, lakini sirudi na wenzangu. Najua baba mkwe ameapa kumchukua mke wangu Nyamizi nisipofika kabla ya mavuno. Sikiliza kilichonikwamisha, usije ukadhani nimeoa huku.

Tunalinda mateka wa jeshi la Wajapani, na baadhi yao ni Wakorea waliotiwa jeshini humo kwa nguvu. Mmoja wao, Kim, rika langu, aligoma kula akabaki mifupa. Mpishi wao, Mkorea pia, akanifundisha kumbembeleza: ukitaka mwenzako ajaribu jambo, unataja kitendo na kumalizia kwa "bwa". "Mogobwa," hebu kula uone. "Mashobwa," hebu kunywa uone. Ni lugha ya marika. Mkubwa humwambii hivyo. Nikaimba mogobwa mpaka askari wenzangu wakanibandika jina hilo. Kim akageukia ukuta.

Kumbe mjinga mimi! Kwetu ningemletea mtu pombe bila kuionja mbele yake, nani angeigusa? Basi nikachota wali wake, nikala, nikameza huku ananitazama, ndipo nikasema, "Mogobwa." Akala, mayu. Machozi yalinitoka mbele ya mateka.

Sifa zikamfikia afande wetu Mzungu. Walipotajwa wa kupanda meli, mimi sikutajwa. Nikamwendea.

"Afande, mke wangu anachukuliwa."

"Wewe ndiye unayejua kusema nao. Utaondoka wao wakishaondoka."

"Lini, afande?"

"Sijui."

Husemwa tenda wema uende zako. Wema nimetenda, kwenda ndiko nimezuiwa. Nina uchungu, mayu, na siku nyingine namchukia Kim kwa kupona.

Nisalimie mjomba na mizinga yake ya nyuki, na dada Kalunde wa Igalula. Baba mkwe umwendee mwenyewe, umpigie magoti kwa niaba yangu.

Wenzangu watashuka stesheni ya Tabora wakiimba. Siku hiyo mpe Nyamizi kazi ya mbali shambani, asije akanitafuta behewa kwa behewa.

Ni mimi mwanao, ningali hai,
Maganga