Siagi ya Atlantic City: Nani Alimtuma Simiyu?

Shangazi Genoveva,

Kabla hujaanza kunisaidia nataka kwanza ujue kwamba hiyo hadithi ya siagi ya Atlantic City, vile umeisikia, umeisikia vibaya, na si makosa yako, kila mtu kutoka Alexandria mpaka huku Hyattsville anaisemanga vibaya, Kipngetich anasema ilikuwa majarini, Venuste yule Mrundi wetu anasema ilikuwa Las Vegas na yeye hata New Jersey hajafika, na Leonard Kiplagat, ambaye alikuwa hapo kwa macho yake, na ndiye amefanya nikuandikie, ndiye anaisema vibaya kuliko wote. Yenyewe ninayo mimi. Nakuita Shangazi kwa heshima ya gazeti, lakini kwa umri mimi ni kama mjomba wa baba yako, kwa hivyo soma pole pole.

Mimi ni Simiyu, Mbukusu wa Kimilili, naangalia magari kwa pakingi ya chini ya ardhi, na shule niliiona kutoka nje nikipita na ng'ombe, lakini kwa mdomo hakuna profesa amewahi kunishinda. Leonard ni Mnandi wa Kapsabet, anaendesha teksi Alexandria. Miaka yote kila Jumapili anavuka daraja ananipitia tuende kanisa, anawasha mita kama mimi ni waziri, tukifika anaisoma kwa sauti mbele ya waumini na kusema hiyo yote nitamlipa kwa maombi. Sasa hanipitii. Napanda basi. Na mwisho wa mwezi huu anarudi Kapsabet, kurudi kabisa, si kutembea, tiketi iko mfukoni, na hatuongei, na yote ni kwa sababu ya siagi.

Ngoja nikupeleke. Wewe hukuona zile Jumamosi za basi la kasino, huo mwaka wa tisini na tano, tisini na sita. Unapanda basi asubuhi na chupa yako ya chai, mnaimba mpaka lile daraja kubwa la Delaware, hapo mnanyamaza kidogo kwa heshima, mkifika anaingia msichana wa kasino na meno yote nje, anakupa sarafu za kuchezea mashine na kuponi ya kula bafe, kula mpaka ukatae mwenyewe. Shangazi, sisi watu wa kanisa hatukuwa wa kucheza, tulikuwa wa kula na kuona bahari, ingawa sikatai, mara moja moja mkono wangu ulijikwaa kwa mashine. Kuna njia ya mbao huko imenyooka na bahari mpaka macho yachoke, wazungu wazee wanasukumwa kwa viti vya magurudumu na si wagonjwa, ni raha tu. Siku ya kwanza nilimwambia Leonard kama nchi inasukuma watu wazima wazima, basi mimi nimefika.

Sasa Kipngetich, mtoto wa dada yake Leonard, akapenda Chepkirui, msichana nesi aliyekuwa anakaa Jersey City kwa baba yake mdogo, Elkanah. Kwa hao Wanandi huwezi kuchukua msichana tu kama gazeti, lazima wazee waende koito, wakae chini waulizane ukoo, waongee ng'ombe. Lakini Elkanah hakuwa na gari, na teksi ya Leonard ilikuwa inakohoa ikifika Baltimore. Nani alipata njia? Mimi. Nikasema basi la kasino linatoka huku kwetu, lingine linatoka huko kwao, yote yanaenda kwa bafe moja, tukutane hapo, chakula kiko juu ya kasino, posa itakuwa haijagharimu mtu hata sufuria. Leonard alinikumbatia. Hilo pia hasemi.

Tena wazee wa Kinandi hawakutosha, wengi walikuwa wameshika shifti mbili mbili kwa nyumba za wazee, kwa hivyo Leonard akanichukua mimi nijaze kiti, akaniambia, Simiyu, wewe kaa, usiongee, tikisa kichwa tu. Kuniambia mimi nisiongee. Nilitikisa kichwa mpaka yule mama wa kusafisha meza akaniuliza kama naumwa shingo.

Mambo yalienda vizuri. Leonard aliuliza ukoo, wakasema wao ni wa nyuki, huku kwetu ni simba, koo mbili tofauti, hakuna shida. Waliongea ng'ombe kwa kuzunguka zunguka, Elkanah anakoroga supu, mzee mkavu kama kuni, huyo hata akifurahi unadhani amefiwa. Mwisho akakubali. Sasa ikabaki siagi, kwa sababu hao watu wakimaliza, mama wa upande wa msichana anawapaka wageni siagi kwa paji la uso, hapo ndiyo mmekuwa ndugu. Leokadia, mke wa Elkanah, alikuwa ametikisa krimu kwa chupa wiki nzima mpaka ikawa siagi, akaifunga na kitambaa, akaileta mpaka Atlantic City. Akaingiza mkono kwa kikapu. Hakuna. Aliiacha chini ya kiti kwa basi lao, na basi limeenda kulala huko mabasi yanalala mpaka jioni.

Elkanah akaweka kijiko chini. Akasema, "Bila siagi hatujakubaliana. Mtarudi siku nyingine."

Siku nyingine ya Elkanah, Shangazi, ni mwaka mwingine. Chepkirui akaangalia sahani yake. Kipngetich akawa na rangi ya ugali. Leonard, bingwa wa maneno, amekaa tu, mdomo wazi, kofia magotini. Hapo ndipo mimi niliinuka. Hakuna mtu aliniambia inuka. Nilienda mpaka pale kwa mikate, kuna bakuli la barafu, juu yake siagi ndogo ndogo zimefungwa kwa karatasi ya dhahabu, nikajaza mifuko, nikajaza kofia, yule mama wa mikate akaniuliza na mkate uko wapi, nikamwambia unakuja nyuma. Nikarudi nikamwaga kwa meza kama mtu ametoka vitani.

Leokadia alicheka mpaka akashika meza. Akafungua moja, akaonja, akasema hii ina chumvi. Sisi wote tukamwangalia Elkanah. Mzee akaonja pia, akatafuna kidogo hewa, akasema, "Basi ng'ombe wa huku hulia kabla ya kukamuliwa."

Na akacheka. Elkanah. Tukapakwa.

Sasa ona sisi tunashuka katikati ya zile mashine, wazee wenye suti, mapaji yanawaka kama taa. Mama mmoja mzee wa Kizungu, ana kikombe cha sarafu, akatushika akauliza hiyo ni nini. Leonard akamwambia ni baraka. Mama akaleta uso wake karibu, mimi nilikuwa na moja imebaki mfukoni, imeyeyuka, nikampaka. Akavuta ule mkono wa mashine, na mashine ikalia, sarafu zikamwagika kama mahindi gunia likipasuka, Leonard akakimbia na kofia akazikinga. Hapo tu kwa yule mama, Shangazi, kwa hadithi yote nzima, ndipo Leonard anasema sawa na mimi, neno kwa neno, na kofia anaivua kuonyesha watu vile alikinga. Tukatoka nje kwa mbao, tukavua viatu, ndege wa bahari wakamfukuza Leonard kwa sababu alikuwa ameiba mkate, na tukirudi kwa basi alilala kichwa kikiwa begani mwangu, siagi yake ikaingia kwa koti langu la kahawia. Domina mke wangu amefua amechoka, alama iko mpaka leo.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa sikia vile Leonard anaisema. Anafika hapo pa siagi halafu anasema, "Nikamtuma Simiyu." Kunituma. Mimi nilijituma. Miaka yote nimevumilia, lakini mwezi uliopita walipombatiza mtoto wa Kipngetich na Chepkirui, tumejaa kwa nyumba yao Columbia Heights, watu wanakula, yeye anasimulia, akasema tena nikamtuma, na kidole akaninyooshea kama mimi ni mbwa wa kuokota fimbo. Nikasimama nikamwambia mbele ya wote, "Leonard, wewe ni mwongo, na hiyo siku hukujua siagi ni ipi na jibini ni ipi." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alichukua kofia yake, hata keki hakungoja.

Sasa Jumamosi inayokuja kuna basi la kwenda Atlantic City, nimechukua viti viwili, na Jumapili inayofuata kanisa linamuaga, na Kipngetich ametangaza kwamba hadithi ya siagi lazima isemwe, hajasema na nani. Domina anakataa kwenda kuniombea, anasema mdomo ulioharibu una miguu. Je, nimfuate, ama nimngoje yeye aje, kwa sababu ukweli uko upande wangu? Na kwa kanisa, nisimame niiseme mimi, ama nikae nisikie nikitumwa tena mbele ya mchungaji?

Ni mimi,
Simiyu wa Hyattsville

Halafu hii nayo. Domina ameisoma hii barua akiwa nyuma ya kiti na anasema haendi kuiposti mpaka niandike moja, kwa hivyo naandika. Yule mama hakushinda kitu. Mashine ilimeza sarafu yake ikanyamaza, akacheka, akasema heri siagi ingeenda kwa mkate, akaendelea. Hiyo ya kushinda niliiongeza tukiwa kwa basi tukirudi, na ile ya kofia pia, watu walikuwa wamechoka na niliona hadithi haina mkia. Leonard alikuwa amekaa karibu na mimi, bado hajalala. Lakini hayo mengine yote ni kweli tupu.

*

SHANGAZI GENOVEVA ANAJIBU

Mzee Simiyu, shikamoo.

Nimecheka mpaka chai imepoa, nikamsomea mume wangu, naye akacheka. Sasa kucheka kumekwisha, kaa vizuri.

Unauliza umfuate au umngoje kwa sababu ukweli uko upande wako. Mzee wangu, hebu rudia hayo maneno ambayo Mama Domina amekulazimisha kuyaandika. Leonard alikuwa amesimama pembeni ya yule mama. Aliiona mashine ikinyamaza. Kisha kwenye basi alikusikia ukitunga, akiwa amekaa ubavuni pako, na hakusema kitu. Tangu siku hiyo, kila harusi na kila ubatizo, anasimama mbele za watu na kuusimulia uongo wako neno kwa neno, tena anauvulia kofia ili waamini. Sehemu pekee ya hadithi ambayo hajawahi kuibadilisha ni ile uliyoizua wewe.

Siku ile Columbia Heights ulipomwita mwongo, alihitaji sentensi moja tu kukuumbua. Watu wote walikuwa wanasikiliza. Alichukua kofia akaondoka nayo hiyo sentensi. Na wewe huku unahesabu "nikamtuma".

Tena hilo neno lenyewe silioni kosa lake. Aliyeongoza msafara wa posa ni yeye. Mpwa ni wake, aibu ingekuwa yake. Aliyekupeleka pale ukajaze kiti, wewe usiyekuwa hata wa kabila lao, ni nani kama si yeye? Ulijituma kwenda kwenye barafu, sawa, hongera, mifuko ilijaa. Lakini mezani pale ulitumwa.

Sasa nisikilize. Gazeti hili linafika dukani Ijumaa jioni. Leonard, kama wazee wenzake wote wa Alexandria, atalichukua Jumamosi akienda kununua unga. Hukuniomba nilifiche jina lako, na sikulificha. Kama unayasoma haya na bado hujaenda kwake, iache hiyo chai mezani.

Vaa lile koti la kahawia, usilifue. Usipige simu, usimtume Kipngetich, usimpeleke mchungaji. Panda hilo basi ulilolizoea siku hizi, ugonge mlango. Akifungua, anza na samahani, na samahani iwe fupi. Ikizidi pumzi moja, kwako wewe hiyo si samahani tena, ni hadithi. Baada ya hapo mwonyeshe vile viti viwili, na cha dirishani kiwe chake.

Kanisani asimulie yeye. Ndiye anayeondoka, wewe utabaki nayo huku uisimulie mpaka watu wakukimbie. Akifika pale aseme "nikamtuma Simiyu", simama, waambie watu, "Alinituma," ukae. Najua itakuuma, lakini utapona. Akifika kwa yule mama wa Kizungu, ivue kofia yako wewe, mkinge sarafu pamoja.

Na Mama Domina, najua nawe unasoma: tikisa krimu yako kwenye chupa kuanzia leo, mpaka iwe siagi, bila chumvi. Mzee Simiyu ataibeba mpaka uwanja wa ndege, asiisahau kwenye basi. Pale kabla rafiki yake hajaingia ndani, ampake kwenye paji la uso kwa mkono wake mwenyewe, bila kutumwa na mtu.