Panzi Aliyekataa Kupaa

Big Spring, Texas
3 Machi 1965

Baba mpendwa,

Nakuamkia nikiomba goti limekupunguzia maumivu na upepo wa Kansas umekuachia paa. Mimi mzima, Royce mzima, ila vumbi la huku tunalila pamoja na mkate.

Najua bado una kinyongo kwamba niliacha kazi ya uhakika ya kuchora ndege nikaja kuunda gari la mashindano, tena la kuendeshwa na kaka yangu Royce. Lakini ungeliona! Bodi yake ya faibaglasi watu wawili tunaiinua. Limepakwa kijani, makalio juu, basi mafundi wameliita Panzi. Mzee Kirby, mwenye visima vya mafuta anayetulipia, anataka lishinde mbio za maili mia tano kule Wisconsin mwezi wa Septemba.

Naomba ile sufu nyekundu iliyobaki kwenye kikapu cha marehemu mama. Nitaikata nyuzi fupi, nizibandike gari zima, nione upepo unapita vipi.

Binti yako,
Verna

Ulysses, Kansas
12 Machi 1965

Verna mwanangu,

Goti linauma kama kawaida yake, paa lipo. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni. Miaka ishirini na mbili narusha ndege kunyunyizia dawa ngano za watu na kuua panzi, leo wanangu wawili wanafuga panzi Texas.

Kikapu hicho nakituma. Mama yako alikusudia sweta ya Royce, basi livalishe gari lake.

Jambo moja nalirudia ili usije ukasema hukulisikia. Sitakanyaga uwanja wa mbio. Nimezika marubani wanne wenzangu waliopenda mwendo, na sina nguvu ya kumtazama wa tano akiwa mwanangu. Mfunge mkanda vizuri.

Baba yako

Big Spring
6 Mei 1965

Baba mpendwa,

Hujambo? Ngano imefikia wapi? Sisi tuna habari njema.

Tumefunga penseli ndani ya Panzi. Waya wa breki ya baiskeli unatoka kwenye gurudumu la mbele, unapita kwenye kapi, unavuta penseli juu ya karatasi ya kuviringisha, kama zile za mashine ya hesabu dukani. Pua ya gari ikipanda, mstari unapanda. Ikishuka, unashuka. Jana, kwa maili mia na arobaini kwa saa, mstari ulishuka vizuri kabisa. Maana yake upepo unaikandamiza pua chini, na ndicho tulichokuwa tukikitafuta.

Royce tu ndiye analalamika. Anasema mwendo ukizidi usukani unakuwa mwepesi, kama ameshika sahani tupu. Nikamwambia, "Royce, wewe una woga, penseli haina." Mafundi wakacheka. Kesho kutwa tutalikimbiza gari kwa mwendo wake wote.

Binti yako,
Verna

Big Spring
9 Mei 1965

Baba,

Royce yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unasoma umesimama.

Kwa maili mia na sitini pua iliinuka. Niliona tumbo lote la gari. Likapinduka kinyumenyume, likaangukia mchangani. Amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na mbavu mbili. Kwenye karatasi mstari umeshuka mpaka ukatoka nje ya karatasi. Sielewi chochote. Nisamehe.

Verna

Big Spring
18 Juni 1965

Baba mpendwa,

Sijui kama goti linauma, sijui kama ngano imekwisha vunwa. Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu.

Mafundi wameunda gari la pili, nalo liko tayari. Royce anasema atapanda mfupa ukiunga. Nami sijui la kwanza lilipaa kwa nini. Nikimpandisha bila kujua, nitakayemuua ni mimi.

Binti yako

Ulysses
27 Juni 1965

Verna,

Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikakitia motoni. Sasa yamekwisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila huyu kaka yako alisikia yote na kavunjika mtulinga. Aliyekataa kusikia ni mwingine.

Kila asubuhi kabla ya kuruka mimi hufanya nini? Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa ukinikariria wewe. Tikisa usukani, geuka, tazama mkia. Haitoshi usukani kutikisika. Lazima uone kwa macho yako mkia umeelekea wapi, maana fundi akipitisha waya vibaya, unavuta usukani ukidhani unapanda, na ndege inakuzika.

Swali langu ni hili. Kabla hamjaiamini penseli yenu, kuna mtu aliyekaa juu ya pua ya gari akatazama mstari unakwenda wapi?

Baba yako

Big Spring
3 Julai 1965

Baba,

Nimekaa juu ya pua. Mstari umepanda.

Lile kapi lilikuwa linageuza mambo; sasa nimelifunga upya. Kila tuliposhangilia kwamba pua imeshuka, ilikuwa inapanda, na kila nilichorekebisha kuiridhisha penseli kilizidi kuiinua. Royce alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Nilimkuta barazani, mkono umefungwa kifuani, anakula pichi. Nikamweleza yote bila kujitetea. Akatafuna mpaka akamaliza, akasema, "Verna, dereva akikwambia sahani, we amini sahani." Kisha akaniuliza mazoezi yanaanza lini. Nililia kwa aibu, Baba, na kwa shukrani pia.

Binti yako

Ulysses
10 Julai 1965

Mwanangu,

Kosa lililosemwa limekwisha. Tufanye kazi.

Kesho lori litakuletea bawa la ndege yangu ya zamani, ile iliyogonga nguzo ya umeme. Likate vipande viwili. Kidogo kikae mbele ya pua, kikubwa juu ya mkia kwenye vyuma viwili, vyote vimepinduliwa, mgongo chini. Maisha yangu yote nimelibembeleza bawa hilo liniinue. Likipinduliwa litakandamiza kwa nguvu ileile.

Ukimaliza, kaa juu ya pua. Kuja siji, neno langu ni lile.

Baba yako

Elkhart Lake, Wisconsin
13 Septemba 1965

Baba mpendwa,

Hujambo, goti halijambo, tumeshinda!

Asubuhi watu walikuja kututania. Mmoja alilitazama bawa la nyuma akauliza kama tumeleta meza ya kupigia pasi. Walicheka zaidi walipoona timu nzima inapanga foleni kukaa juu ya pua, mmoja mmoja, hata Mzee Kirby na kofia yake kubwa. Kila makalio yalipotua, penseli ilishuka.

Baadaye hawakucheka. Kwenye kona ya mteremko wenzake wote walikanyaga breki, Royce hakukanyaga. Panzi aling'ang'ania lami. Zikiwa zimebaki raundi nne aliyapita magari mawili mekundu ya Kiitalia, moja kushoto, jingine kulia, nami sauti ilikuwa imekwisha nikawa napiga pipa kwa spana. Aliposhuka nilimuuliza usukani ulikuwaje. Akasema, "Mzito, Verna. Mikono yote inaniuma." Sijawahi kusikia lalamiko tamu kama hilo.

Nilitamani ungekuwepo. Sikulaumu.

Binti yako,
Verna

Ulysses
20 Septemba 1965

Verna mwanangu,

Mimi mzima, ila goti limevimba kwa kusimama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ingawa habari nilikuwa nazo.

Mlisahau uzi mmoja mwekundu wa mama yenu, nyuma ya bawa, upande wa kushoto. Royce alipopita polepole kwenye raundi ya ushindi, kofia mkononi, niliuona umelala sawasawa kuelekea nyuma. Kutoka hapa mpaka Wisconsin ni mwendo wa saa tisa kwa ndege ya dawa, ukihesabu na kutua kujaza mafuta. Nilijiambia nitasimama kwenye uzio dakika tano tu, nihakikishe bawa langu mmelifunga vizuri, kisha nirudi zangu. Nimesimama maili mia tano. Sikuja kuwasalimu kwa sababu nilikuwa nalia, na soseji ilikuwa mkononi.

Huo uzi msiutoe.

Baba yenu