Mfereji wa Maungu

Jumatatu, 9 Februari
Nilikuwa nafunga soketi ya kinyozi hapa Voi. Mama Mkawasi akapiga simu. Mfereji wa maji wa ploti yake ya kupangisha huko Maungu unapiga watu shoti. Mpangaji mmoja ameangusha ndoo, mtoto akiwa mgongoni. Stima ya ploti hiyo niliifunga mimi, mwaka juzi. Kazi yangu haipigi watu. Kuna mtu ameiba shaba niliyofukia ardhini.

Jumanne, 10 Februari
Maungu. Vumbi tupu. Shawa ya maji moto imeoza ndani, stima inavuja hadi kwenye mabomba. Nimeikata. Lakini stima ikivuja inafaa ishuke ardhini kwa waya na nondo ya shaba. Haikushuka. Mama Mkawasi anamshuku Ouma wa chumba cha tano, mtu wa reli, anayeuza vyuma kuukuu siku za mapumziko. "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi." Nikaitikia. Amempa notisi: Jumamosi atoke, yeye na watoto watatu wanaosoma hapa.

Jumatano, 11 Februari
Ouma amekuja na jembe lake. "Fundi, chimba. Kama shaba haiko, nitahama bila kelele." Anajiamini mno. Sipendi mtu anayejiamini hivyo. Nikamwambia nitachimba Ijumaa. Sikuwa na kazi nyingine.

Ijumaa, 13 Februari
Tumechimba. Waya mzima. Nondo ipo. Ouma akaivuta kwa mkono mmoja, ikatoka kama muhogo. Fupi kuliko mkono wangu. Imekatwa kwa msumeno.

Msumeno wangu. Siku ile niligonga mwamba, jua lilikuwa kali, nikakata nondo na kufukia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wake, udongo umelowa na kupitisha stima, mita ya kupimia ikakubali. Nilikumbuka tangu Jumatatu. Nilitaka awe Ouma.

Nikamwambia Mama Mkawasi, Ouma akisikia. Aibu imenishika hadi sasa. Ouma alifuta jembe, akaenda.

Jumapili, 15 Februari
Nondo mbili ndefu, kando ya mahali pa kufulia, ambapo udongo haukauki. Shawa mpya. Mita imetulia. Notisi imechanwa.

Nikawaambia wapangaji mfereji uko sawa. Hakuna aliyesogea. Mama Mkawasi alificha mikono ndani ya leso. Nikavua viatu, nikaushika kwa mikono miwili, nikaufungua. Maji yakatoka, nikaufunga.

Ouma akaleta ndoo. Akasema nifungue mimi, na nifunge mimi. Nikafungua. Ilipojaa, nikafunga.