Jaribio Nililolizima

Kata ya Ng'ambo, Tabora

Dada Bertila, shikamoo. Ukimaliza kusoma barua hii ichome, hata shemeji asiione.

Mimi mzima, na mahindi ya mama yamekomaa. Ile programu ya kompyuta tunayoiandika kazini kwa lugha ya Java, ya kukokotoa dozi za dawa, itakayofika zahanati yenu ya Bukene Jumatatu, huwa ina majaribio yanayojiendesha yenyewe kila asubuhi. Moja liliwaka jekundu, yaani programu imekosea: mtoto wa kilo nane alipangiwa dozi ya mtu mzima. Bosi akacheka, "Dogo, lizime hilo, wageni wanaokuja kuikagua waone kijani tu." Nikalizima. Kumbukumbu ya nani kabadili nini inaonyesha jina langu tu.

Usiiamini skrini, piga hesabu kwa mkono.

Simu yangu wanaikagua kazini. Jibu mpe Prosperi, muuza karanga wa stesheni, aniletee kanisani. Andika tu kwamba watoto ni wazima, nitajua umenielewa.

Mdogo wako,
Deus