Kipande Kilichobaki kwa Ouma

Migosi, Kisumu

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekunywa chai na dawa ya presha pia, si chai peke yake. Goti je? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hauko sawa, na sitakuficha.

Unamkumbuka Ouma, yule fundi wa kompyuta aliyenipokea huku kama ndugu? Tumemzika kwao, upande wa Bondo. Presha, Mama. Ndiye aliyeunda ile programu ya zahanati ya Luanda Kotieno inayowatumia wagonjwa wa presha ujumbe waende kuchukua dawa. Baada ya mazishi kompyuta ya zahanati ikafa, nikaleta nyingine. Orodha ya wagonjwa ilipona, lakini programu ikakataa kuwaka. Kila nikijaribu inaniambia kuna kitu inakitegemea na haikioni. Karibu vipande vyake vyote ni vya bure, unapakua tu mtandaoni, nami nikatafuta mpaka macho yakauma. Kumbe kimoja Ouma alikiandika mwenyewe, na hakukiweka popote ila kwenye laptopu yake.

Nikaenda kwao. Huku vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka ukoo ukae uvigawe, na kikao kilikuwa bado. Kaka yake akaniambia kwa upole nirudi baadaye. Mimi mtu wa Nyeri, ningebishana na nani? Nikarudi Migosi. Nesi yuko peke yake pale, hawezi kumpigia kila mtu. Basi yule mama muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, anayenichagulia zile safi, naye ni mgonjwa wa pale, akaanguka ufuoni. Dawa zilikuwa zimemwishia na hakuna aliyemkumbusha. Upande mmoja wa mwili sasa hausikii. Nililia, Mama.

Nikarudi tena, safari hii kwa baba mdogo wa Ouma, ndiye mkubwa wa kikao. Nikamweleza kwamba laptopu siitaki, nataka kunakili faili moja tu, mbele yake. Akaniuliza:

"Ukichukua hiyo kitu, yake inabaki?"

"Inabaki vilevile, Mzee."

"Basi hujatoa kitu kwa hii boma. Kaa chini."

Nikanakili nimeketi kando ya Akinyi, mjane wake. Kule zahanati programu ikawaka mara moja, na ujumbe wote uliokwama ukatoka kwa mpigo. Bado namshukuru Mungu, simu yangu ikalia. Ni Akinyi. Simu ya marehemu, anayokaa nayo yeye sasa, imeingia ujumbe: Ouma, usisahau kuja kuchukua dawa. Sikujua alikuwa amejiandikisha mwenyewe.

"Mnamwita," akasema, kisha nikasikia kilio tu.

Jina lake sijalifuta, mkono unakataa. Chini yake nimeongeza lako.

Nisalimie Baba, na Wanjiru dada yangu, na yule jirani anayekusaidia kukamua. Ujumbe ukiingia kwa simu yako, usiseme ni watu wa matangazo wanasumbua. Ni mimi, Mama. Meza dawa.

Mwanao anayetaka akukute mzima,
Mwangi