Matundu ya Oiva Barafuni

Jumapili, 14 Aprili

Oiva kamtafuta mke wake chumba hadi chumba. Mke mwenyewe ni mimi, nimekaa jikoni, ananiona! Kaniuliza kaenda wapi. Nikamwambia anarudi sasa hivi. Zamani nilikuwa nalia, siku hizi najibu tu.

Mchana jirani yetu Kauko kampitia, wakaenda kuvua kwenye ziwa lililoganda. Nimewatazama dirishani. Kila mzee na tundu lake kwenye barafu, kila mmoja juu ya sanduku lake la uvuvi, hatua kumi kati yao, kimya kwa saa tatu. Vifungo vya shati vinamshinda mume wangu. Ila kule kafunga ndoano mwenyewe, kashusha uzi, kavuta sangara saba. Karudi mashavu mekundu, kala viazi bila kubembelezwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Kauko kaja kunywa kahawa. Nikamuuliza, hivi nyie mnafaidi nini kule? Baridi yote ile kwa visamaki vya kiganjani, na dukani wamejaa!

"Samaki wa dukani hana hadithi, Helvi."

Tukacheka. Kisha kasema kule hakuna anayemuuliza Oiva leo siku gani. Kule kila mtu ananyamaza, kwa hiyo Oiva haonekani mgonjwa. Nikamwongezea kahawa.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Barafu imekuwa nyeusi. Kauko kaigonga kwa mtaimbo, kasema basi, msimu umekwisha: kwa macho ni nene, ndani imeoza. Oiva kaitikia vizuri kabisa. Nusu saa baadaye — kavaa viatu vya barafuni. Mara nne leo!

Binti yetu Marketta kapiga simu kutoka mjini Tampere. Mama, ficha vifaa, funga mlango kwa ufunguo. Rahisi kusema ukiwa mbali. Nimfungie mtu ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe? Nimeficha kekee tu, ile ya kutobolea barafu, chini ya kuni. Bila kekee hatoboi, bila tundu havui.

Alhamisi, 18 Aprili

Kaitafuta kekee kutwa. Kaniita mwizi. "We mama, nani kakutuma humu?" Miaka arobaini na sita ya ndoa, jamani.

Jumamosi, 20 Aprili

Oiva yuko ziwani.

Nilikuwa nawasha moto wa sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke pale ufukweni, dakika kumi tu. Kutoka — mlango wa nyumba wazi, sanduku halipo. Kekee iko pale pale chini ya kuni. Mjinga mimi! Matundu ya zamani yapo, hahitaji kekee. Nyayo zake zinaonyesha: kalichungulia la kwanza, la pili, hakupenda, kasogea, kasogea, mpaka kwenye mlango wa ziwa, mkondo unapopita chini na kuila barafu. Angekuwa na kekee angetoboa hapa hapa mbele ya sauna, kama kawaida yake. Ni mimi niliyempeleka kule.

Kauko hayupo, kaenda kwa wanawe kula Pasaka. Waokoaji wako njiani, dakika arobaini. Mama wa simu ya dharura kasema nisikanyage barafu. Nisimwite pia, asije akakata njia juu ya mkondo kunifuata. Akae alipokaa. Kaniuliza, atakaa?

Atakaa samaki wakila.

Nimekaa kwenye ngazi za sauna, naandika ili nisipige kelele. Miaka yote nimewalaani sangara hawa, magamba kwenye sinki, harufu kwenye gari. Leo nawaombea njaa. Mungu wangu, wape njaa!

Kavuta mmoja. Kavuta mwingine, mkubwa! Hata huku naona anavyofurahi, mabega yanamcheza.

Zimebaki dakika ishirini na tano.

Sasa kimya. Anatikisa uzi. Kautoa, katazama chambo, kaushusha tena. Dakika tano, hakuna. Kula, shetani we, kula! Dakika nane.

Anakunja uzi.

Kafunga sanduku. Anatazama huku na huku, hajui ufuko upi wa kwake. Akiniona atakuja moja kwa moja. Nimehamia nyuma ya sauna, nimebana mgongo ukutani.

Anaita. Anauliza kama kuna mtu.

Sijajibu. Anauliza tena —