Shanga Zilizonipatia Bibi Yako

Mjukuu wangu Tumaini,

Ndaga, yaani asante, kwa barua yako. Huku Ipinda tu wazima, mpunga umekubali, na bibi yako bado ananishinda kwa maneno. Unauliza waya wa kupimia joto la tanuri uvikwe nini usiungue. Umemuuliza bingwa!

Ujanani, nikiwa fundi redio mtanashati kuliko wote Kyela, nilikwenda Matema kuchumbia binti mfinyanzi. Nilimkuta mama yake akichoma vyungu. Nikachomeka motoni waya wa mita yangu ya joto, yaani nyaya mbili zilizounganishwa nchani, nikatangaza, "Mama, moto huu hata chai hauchemshi!"

Kumbe plastiki iliyozivika ilikuwa imeyeyuka, nyaya zikagusana nje ya moto. Mita haikudanganya, ilipima joto la pale zilipogusana, si la ncha iliyokuwa motoni. Vyungu vikatoka vimeiva, ukivigonga vinalia kama kengele.

"Mkwe gani huyu asiyeujua moto?" mama akauliza. Nikafunga mkoba niondoke.

Binti akanizuia. "Fundi, unapeleka waya motoni na nguo za nailoni?"

Akafinyanga shanga za udongo zenye matundu mawili mawili, akazichoma. Siku ya kuchoma tena tukapitisha nyaya humo, kila waya na tundu lake. Mita ikapanda, ikapanda, mpaka mama akaacha nyasi zake za kuchochea moto akaja kuitazama.

"Haya," akasema, "aje na wazee wake."

Kwa hiyo plastiki usiiguse. Nunua waya uliovikwa nyuzi za kioo, au tumia shanga hizi nilizofunga humu. Bibi yako amezifinyanga juzi, na mikono yake haijasahau.

Babu yako, bingwa wa Kyela nzima (bibi yako anakataa)